Mkate wa Farogat

Panjakent, 25 Agosti 2019

Kwa mdogo wangu Farogat,

Pokea salamu zetu. Natumaini hamjambo wote hapo Samarkand, wewe, shemeji Qahhor na watoto, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimekwisha. Sisi tu wazima. Magoti ya mama yanamsumbua asubuhi, na ikifika saa sita anayasahau mpaka mtu amuulize. Zabibu za uani zimeiva na nyigu wamezivamia.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Kwenye simu mimi na wewe hatufiki dakika ya pili, mmoja ameshakata. Aliyekuletea barua hii ni Sherafkan, yule kiongozi wa misafara ya urithi mwenye sauti ya kukwaruza. Huwachukua wastaafu wa Irani wanaotaka kuwaona ndugu zao wa Kifarsi ng'ambo ya mipaka, akawapitisha Dushanbe, kwetu, kwenu, Bukhara, kisha Mashhad. Kundi linalofuata analileta kwa njia hiyo hiyo, kinyumenyume. Kwetu hushuka kula chakula cha mchana wakitoka kwenye magofu. Mpishi ni mimi.

Sasa nisikilize. Jana wamekuja kumi na wawili, wamelala mjini na leo wanavuka kuja kwenu. Nilikuwa nimeamka alfajiri, nimekata karoti kilo nne, nimeoka mikate, nimetandika. Wanaingia, na wa kwanza, Bi Mahindokht wa Shiraz, mwanamke mwenye miwani ya dhahabu, anainua macho ukutani: "Na ule mkate ulioning'inia, mbona umeng'atwa?"

Basi, mama akapata uhai. Akawaeleza kwamba kwetu anayesafiri huuma mkate mara moja, mkate ukatundikwa ukutani, ili riziki yake iliyobaki imvute arudi aje kuumaliza. Kwamba mwanawe Farogat aliuma ule mwaka 2008 akienda Samarkand kufanya kazi ya wiki sita. Kwamba akaolewa huko huko, kisha mpaka kati ya nchi hizi mbili ukafungwa miaka minane. Bi Mahindokht akalia. Mumewe akalia. Mwanamume mmoja, daktari wa mifupa, akatoka nje kujipangusa. Wote wakaupiga picha mkate wako, mmoja mmoja, kama bibi harusi.

Halafu Bi Mahindokht akanigeukia, mimi niliyeshika sinia la pilau mikono inaungua. "Na wewe ni jirani?" Mama akasema: "Huyu ni Mavluda." Basi. Akarudi kwenye habari zako.

Farogat, mkate huo nani anaupangusa vumbi kila mwaka mpya wa Navruzi? Nani anauwekea pilipili kavu usiingie wadudu? Miaka kumi na moja ninautunza mkate wa mtu asiyekuja. Nasema wazi, nauonea wivu. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja anauonea wivu mkate mkavu, nicheke ukitaka.

Mama anakusalimu. Hajui kwamba nimekuandikia.

Dada yako,
Mavluda

*

Samarkand, 7 Septemba 2019

Dada Mavluda,

Shikamoo. Barua yako nimeipata mkononi mwa Sherafkan, na mkono mwingine ulikuwa na zabibu zako, nusu keshazila njiani. Kikohozi cha mtoto kimekwisha. Qahhor mzima. Mimi mzima pia, ila mikono inapasuka kwa maji. Bado niko kwenye karakana ya karatasi, tunachemsha magome ya mforsadi, tunaponda, tunasugua kwa jiwe mpaka inang'aa. Hii unayoishika nimeitengeneza mwenyewe, kwa hiyo usifungie vitunguu.

Unaniambia habari za wivu? Haya, na mimi nina yangu. Wageni wako wanapotoka kwako siku ya pili wanakuja kwetu karakanani. Bi Mahindokht amenionyesha picha kwenye simu. Mama akicheka. Mama akimshika mkono. Mama akimlisha zabibu kwa vidole vyake, mtu aliyemjua kwa saa mbili! "Mama yako amenibariki," ananiambia. Nikasema hongera. Nikaenda nyuma ya matanki nikapiga teke ndoo.

Wewe unamwona kila siku. Unajua leo amevaa kitambaa kipi. Mimi nikipiga simu, wewe ndiye unayeishika sikioni kwake, nasikia pumzi zako. Sijawahi kuzungumza na mama yangu peke yetu hata mara moja.

Na usijifanye umesahau kwa nini siji. Mpaka umefunguliwa mwaka na nusu sasa, ni saa moja kwa gari. Siku ya matanga ya baba, nilipokupigia kusema nimenyimwa viza, ulisema: "Hukuja kumzika, basi usikanyage tena hapa." Nilikusikia vizuri. Nasubiri uyarudishe maneno yako. Sitakuja nyumbani kwa mama kama mwizi.

Mbusu mama. Mwambie busu hilo limeletwa na upepo.

Mdogo wako,
Farogat

*

Panjakent, 15 Septemba 2019

Farogat mpenzi,

Hamjambo? Sisi hatujambo. Hewa imeanza kupoa asubuhi. Mama anakula vizuri. Wageni wamepita juma lililopita, tisa, watu wazuri, hawakusumbua. Karatasi yako nzuri sana, laini.

Hapa hakuna jipya. Kila kitu kiko mahali pake.

Dada yako akupendaye,
Mavluda

*

Samarkand, 28 Septemba 2019

Dada Mavluda,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vyema na mama hajambo.

Tangu lini mimi ni "mpenzi"? Tangu lini wewe ni "akupendaye"? Barua yako ya juzi ilinitia wasiwasi kuliko ile ya kwanza. Kwa hiyo Sherafkan alipopita jana nilimwambia, "Kaka, hebu nione picha za mara ya mwisho." Akanipa simu.

Mkate ulio ukutani si wangu.

Usibishe. Wangu ulikuwa umepasuka pembeni kwa sababu uliokwa na baba siku uliyokuwa umekwenda harusini, na baba hakujua kuoka. Huu ni mviringo safi, umechomwa nakshi katikati, mkono wako kabisa. Umeukausha juani, umeupaka moshi kidogo, nimeona. Na alama ya meno: pande mbili kumeingia, katikati kumesimama kipande kizima. Dada, mimi meno yangu ya mbele yapo yote. Nani kwenye nyumba ile ana pengo?

Umeupeleka wapi mkate wangu? Unajua watu wanasemaje mkate wa msafiri ukiliwa na mwingine. Wanasema njia yake imekatika. Mimi si mtu wa kuamini sana, lakini tangu jana nimeshaharibu karatasi kumi karakanani. Nijibu na uniambie ukweli.

Farogat

*

Panjakent, 6 Oktoba 2019

Farogat,

Salamu utanisamehe, naandikia juu ya paja na basi linaunguruma mlangoni.

Ndiyo. Niliula. Ilikuwa siku ya wale tisa. Nilipika pilau ambayo hata mimi niliistaajabia, mchele unaachana punje kwa punje, na wale watu wakasifu, na mama akasema, "Mngeonja ya Farogat. Farogat ana mkono." Farogat! Wewe uliyekuwa unaunguza hata maji! Nikatabasamu, nikamwaga chai, wakaondoka. Mama akalala kidogo. Nikapanda kiti, nikauteremsha, nikauvunja kwa nyundo ya nyama, maana ulikuwa mgumu kweli, nikauloweka kwenye mchuzi, nikala wote nimesimama. Haukuwa na ladha yoyote. Kisha hofu ikanishika. Nikatundika mwingine na kuuma mwenyewe. Sikufikiria pengo, sijawahi kujiona kutoka upande wa mkate.

Sasa la leo. Sherafkan amekuja na kundi lake, wamekula. Wanapanda basi, natoa vyombo, narudi, mama hayupo kwenye godoro lake. Natoka nje. Amekaa kiti cha mbele, nyuma ya dereva, kavaa koti la mahameli la harusi ya shangazi, kafumbata pasi ya kusafiria. Pasi! Aliitoa mwaka jana, nikadhani ni kwa ajili ya kuhiji.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Samarkand."

"Na nani?"

"Na hawa. Wanakwenda kuona urithi, na mimi nina urithi wangu huko."

Wageni wakapiga makofi, Farogat. Mtu mzima unaumbuliwa na watu wanapiga makofi.

"Mama, shuka. Magoti yako."

"Mkate wa mwanangu umeliwa," akasema. "Kila asubuhi naupapasa, unadhani vidole vyangu ni vipofu kama macho? Kama riziki yake hapa imekwisha hatarudi tena. Basi nakwenda mimi."

"Nani kakwambia umeliwa?"

"Wewe funga mdomo, upepo unapita kwenye pengo."

Sherafkan ameshika kichwa anasema orodha ya abiria, orodha ya abiria. Mama amemwambia aandike jina la mwisho kwa herufi kubwa.

Dawa zake ziko kwenye mfuko wa bluu, nyeupe asubuhi, ya njano baada ya kula. Chai asipewe ya moto sana. Sheria ya mpaka inampa siku thelathini. Basi linapiga honi.

Mavluda

*

Samarkand, 17 Oktoba 2019

Dada yangu Mavluda,

Shikamoo, na salamu kutoka kwangu na KUTOKA KWA MAMA, ambaye amekaa hapa mbele yangu anakula komamanga na kunirushia maganda.

Sherafkan aliniambia alikupigia kwamba wamefika salama, kwa hiyo najua hukufa kwa wasiwasi. Nilimwona akishuka basi, nikakaa chini pale pale barabarani. Miaka kumi na moja. Amekuwa mfupi. Alininusa kichwa kama alivyokuwa akifanya tukiwa wadogo, kisha akasema nimenenepa.

Siku mbili za kwanza alikataa kuliacha kundi. Alisema kwenye kundi ana kiti chake na watu wa kumsikiliza. Wakaenda Registan, ule uwanja wa madrasa za kale, Sherafkan anaeleza vigae, mama anamsahihisha. Sherafkan anasema rangi hii ya bluu ni ya anga. Mama anasema, "Ni ya kuzuia macho mabaya, mwanangu, sema ukweli kwa wageni." Profesa mmoja wa kundi, mtu wa Isfahan, anaandika ya mama, haandiki ya Sherafkan. Kundi lilipoondoka kwenda Bukhara walimbusu mkono mlolongo mzima, na Sherafkan akaniambia, "Dada, mchukue haraka, nitafukuzwa kazi."

Sasa ni wangu. Nasema hivyo bila aibu. Tunalala chumba kimoja. Namvalisha soksi. Kitambaa chake leo ni cha kijani chenye maua meupe. Majirani wanakuja kumwona, na mimi naingiza chai kwa madaha, huyu ni mama yangu, ndiyo, mama yangu, amekuja kwangu.

Kuhusu mkate nilikasirika siku tatu. Sasa nimepoa, maana mkate ungekuwepo ukutani, mama angebaki huko huko anaupapasa. Mama aliuliza kwa nini sikuja baada ya mpaka kufunguliwa. Nikamwambia kazi. Sikumwambia maneno yako ya siku ya matanga.

Mdogo wako mwenye furaha,
Farogat

*

Panjakent, 20 Oktoba 2019

Farogat,

Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi ni mzima.

Asante kwa kutomwambia mama. Sikutegemea.

Wageni wa Mashhad wamepita leo. Wameingia, wamekula, wameuliza yuko wapi yule mama wa mkate, wamesikia amesifiwa Bukhara yote. Nikasema amesafiri. Mkate nimeuteremsha. Wakaangalia msumari, wakaangalia saa zao, wakaondoka mapema. Hakuna aliyeuliza jina langu na sikumpa mtu.

Nimekuwa nikipika kidogo sana na bado kinabaki. Juzi nikajikuta nimemwaga chai vikombe viwili, na cha pili nimekipuliza kipoe.

Yale maneno ya siku ya matanga nayarudisha. Niliyasema kwa wivu, si kwa ajili ya baba. Baba alikufa akiniita kwa jina lako. Nilimwosha uso, akasema, "Farogat, umekuja." Nikamwambia ndiyo, baba, nimekuja. Akatulia. Kisha ukapiga simu, na mimi nikiwa bado na maji yale mikononi, nikasema nilichosema. Sijawahi kumwambia mtu. Njoo wakati wowote, nyumba ni yako pia.

Ila nataka uniambie kitu kimoja, na usinidanganye kwa kunionea huruma. Tangu afike huko, mama ameuliza habari zangu? Hata mara moja? Nimekuwa naye maisha yangu yote na sikumbuki siku aliyonisifia kitu. Hata chumvi. Kama hajauliza, niandikie tu hajauliza, nitajua pa kuliweka.

Dada yako,
Mavluda

*

Samarkand, 31 Oktoba 2019

Dada Mavluda,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mimi nimechoka. Sherafkan yuko Bukhara, kwa hiyo barua hii nimempa dereva wa teksi wa mpakani.

Nililia kwa habari ya baba. Sikujua. Samahani kwamba ulibeba na jina langu pia.

Kuhusu swali lako nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na nakuandikia bado nimekasirika. Umeuliza kama mama ameuliza habari zako hata mara moja. Mavluda, ningelipa mtu anitajie siku ambayo HAJAKUTAJA!

Zile siku za kundi alikuwa wangu. Kundi lilipoondoka tu, akaanza. Nampa chai: "Mavluda huipuliza kwanza." Nakata karoti: "Mavluda hukata nyembamba, unaweza kuona mkono ng'ambo." Namfunika miguu: "Mavluda hutia chupa ya maji ya moto ndani ya soksi ya baba yenu, si hivi." Nimepika pilau, mimi mwenye mkono, akaweka kijiko chini akanitazama kwa huruma. "Si kosa lako," akasema. "Wa kupika ni mmoja kwenye ukoo." Mbele ya mama mkwe wangu!

Jirani zangu wote sasa wanakujua. Wanajua ulikataa mchumba wa Khujand ili baba asibaki peke yake na mama. Mimi mwenyewe sikujua, nilidhani ni yeye aliyekukataa. Wanajua ulimbeba mama mgongoni mwaka wa mafuriko mpaka shuleni kwenye mlima. Anawaambia, "Mkubwa wangu ni mtu wa dhahabu, mdogo ni mtu wa karatasi." Mimi niko pale pale, nimeshika sinia!

Jana nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza, "Mama, maneno yote haya, mbona hukumwambia mwenyewe hata siku moja?"

Akanishangaa kweli kweli. "Nimwambie nini, na yupo pale? Mtu akiwa yupo unamwambia alete chai."

Siku zake zinakwisha Jumanne. Nitamleta mwenyewe mpaka mlangoni Jumamosi hii, na nitakanyaga. Umchukue, umpulizie chai zake, maana mimi wivu utaniua.

Mdogo wako wa karatasi,
Farogat

*

Panjakent, 1 Novemba 2019

Farogat mdogo wangu,

Hamjambo? Mama hajambo? Mimi hapa sijambo kabisa.

Dereva alinipa barua yako mlangoni na nikaisomea mlangoni. Kisha nikaisomea jikoni. Kisha nikafunga geti, nikavua viatu, nikaketi kwenye godoro la mama, nikaisoma kwa sauti.

Usimlete Jumamosi.

Nimeuliza pale mpakani: siku zake zikiisha anavuka upande wetu, wanagonga muhuri, na saa ile ile anaweza kurudi kwako kwa siku thelathini nyingine. Mvushe Jumanne. Mimi nitakuja hapo na chupa ya chai na sambusa, tutakula sote watatu kwenye kibaraza cha wasafiri. Nitakuona uso wako, mdogo wangu, na nitakushika. Kisha umrudishe Samarkand. Akinikuta pale atanituma chai tu, najua, nitaleta.

Lakini kabla ya Jumanne niandikie tena, mpe dereva huyu huyu, atasubiri. Kuhusu karoti, alisema "nyembamba" tu au alisema na lingine? Habari ya mafuriko anaisimulia yote, mpaka pale nilipoanguka? Na hiyo dhahabu aliisema akicheka au alikuwa amekaza uso? Andika neno kwa neno, usifupishe, hata kama mikono inakuuma.

Dada yako,
Mavluda